Ghala la Taifa na Sahani ya Nyumbani

Kuanzia mwishoni mwa Oktoba, barabara zinazoingia Kitale hujaa mahindi. Matrekta huvuta matela yaliyorundikwa magunia ya kilo 90, malori hupanga foleni mbele ya maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao, na wenye vishamba huleta magunia yao mawili matatu kwa mkokoteni wa punda au kwa bodaboda. Shuleni wanafunzi hufundishwa kwamba Trans Nzoia ni ghala la taifa, na jina hilo halikutolewa bure. Lakini mwaka 2014, utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya ulipopima urefu wa watoto wa chini ya miaka mitano, ulikuta kwamba katika kila watoto 100 wa Trans Nzoia, 29 walikuwa wamedumaa. Wastani wa nchi nzima ulikuwa 26. Jirani yake Uasin Gishu, ghala letu la pili, ilikuwa na 31. Bungoma, yenye mashamba madogo na watu wengi zaidi, ilikuwa na 24.

Ningependa takwimu hiyo isomwe kwa sauti katika kila mkutano wa kujadili bei ya mahindi. Ni kweli hali imekuwa nafuu tangu hapo; kufikia 2022 wastani wa taifa ulikuwa umeshuka hadi 18. Hata hivyo swali limebaki palepale: inakuwaje mtoto adumae katika nyumba yenye magunia?

Mtoto anaweza kula ugali mchana na jioni, akalala ameshiba, na bado mwili wake ukakosa protini, madini ya chuma, zinki na vitamini A. Maji machafu na kuhara humnyang'anya hata kile kidogo alichokipata. Na gunia lenyewe halikai nyumbani. Huuzwa Novemba, bei ikiwa chini, ili kulipa deni la mbolea na karo ya Januari. Kufikia Mei, familia iliyovuna inapimiwa kwa kopo la gorogoro sokoni kwa bei ya juu, ikinunua mahindi yaliyotoka pengine katika shamba lake yenyewe.

Swali la pili ni la kazi. Kijana aliyemaliza kidato cha nne Kiminini au Kimilili hana ardhi ya kutosha kulima mahindi ya kuuza, wala hana kiwanda cha kumwajiri. Webuye ilikuwa nacho. Kampuni ya karatasi ya Pan African, iliyoundwa mwaka 1969 na kuanza uzalishaji 1974, iliujenga mji mzima: nyumba za kupanga, mahoteli, maduka, shule. Iliujenga na kuuchafua kwa pamoja. Wakazi wa Webuye waliishi na harufu ya kiwanda usiku na mchana, na mabati ya nyumba zao yakaliwa na kutu kabla ya wakati wake. Kiwanda kilipofungwa 2009, mishahara ilikatika, na wapangaji wakafungasha virago. Kiliuzwa 2016, lakini maisha yale ya zamani hayakurudi. Kwa hiyo watu wa huku wamejua aina zote mbili za hasara: kazi inayoharibu afya, na afya isiyo na kazi ya kuilisha.

Sura hii inahusu watu wanaokataa kuchagua moja kati ya hayo. Wengi wao ni wanawake, wamejiunga katika vikundi vya watu ishirini au thelathini, na wamekuwa wakifanya kwa miaka mingi kile ambacho mikutano ya kimataifa siku hizi hukiita ajira za kijani. Hoja yangu ni kwamba kazi hiyo ipo tayari. Inafanyika kila siku kati ya mto Nzoia na mlima Elgon. Kinachokosekana ni mnunuzi na malipo, na vyote viwili hupatikana kwa kujipanga.

Jinsi mahindi yalivyoshika ardhi

Mahindi hayakuwa chakula kikuu cha hapa tangu jadi. Wazee wa Kibukusu walilelewa kwa ugali wa wimbi na mtama, pamoja na mboga zilizoota karibu na nyumba. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwagawia wanajeshi wastaafu wa Kizungu ardhi ya Trans Nzoia. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na mahindi yakapata njia ya kwenda mbali. Vibarua wa mashamba hayo, wengi wakitokea upande wa Bungoma ya leo, walipewa unga wa mahindi kama sehemu ya ujira wao. Chakula cha kibarua kikageuka polepole kuwa chakula cha kila mtu.

Kisha ikaja sayansi. Kampuni ya Mbegu ya Kenya, yenye makao yake Kitale, ilianzishwa 1956 ili kuzalisha mbegu za nyasi za malisho kwa walowezi. Mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa chotara H611, kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na aina iliyotoka Ecuador. Mavuno yaliruka, na sina neno baya juu ya waliofanya kazi ile. Ililisha nchi changa. Lakini mahindi yalipotanuka, wimbi lilisogezwa pembeni na mboga za kienyeji zikaitwa magugu. Miaka ikapita shamba likipandwa zao lilelile kwa mbolea ileile, mpaka sehemu kubwa ya udongo wa eneo hili ikawa na asidi nyingi kiasi kwamba mkulima anaweza kuongeza mbolea na asione tofauti yoyote kwenye hindi.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wageni hawaambiwi wanapofika Bungoma na kushangaa kwa nini wazee huwasikiliza huku wamekunja mikono. Hapa, mafunzo ya kutunza udongo yaliwahi kuja pamoja na askari. Miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwaamuru wakulima wa Kimilili na kwingineko wang'oe gugu la marigoldi na kufuata kanuni za kilimo bila kuuliza. Elijah Masinde, mchezaji kandanda aliyegeuka kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwaambia watu wakatae. Tarehe 10 Februari 1948, huko Malakisi, polisi waliwapiga risasi wafuasi wa dini hiyo na kuua watu 11. Kumbukumbu ya namna hiyo haifutiki kwa semina ya siku mbili yenye chai na mandazi. Ndiyo maana, katika eneo hili, programu zilizodumu ni zile ambamo mkulima alikaa upande wa kuuliza maswali.

Mfano mmoja ni shule za wakulima mashambani, zilizofika Bungoma, Busia na Kakamega kuanzia 1999 kwa msaada wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya FAO na IFAD. Wakulima 25 au 30 hukutana kila wiki kwenye shamba moja. Wanapanda sehemu moja kwa njia waliyoizoea, sehemu nyingine kwa njia mpya, kisha wanahesabu wadudu, wanapima urefu, wanachora walichokiona na kubishana. Hakuna anayeambiwa aamini. Pesa za mradi zilipokwisha, vikundi vingi havikutawanyika. Viliungana na kuunda mitandao yao ya kununua pembejeo na kutafuta soko.

Kitanda kimoja

Manor House ni kituo cha mafunzo ya kilimo karibu na Kitale. Kilianza 1984, mwaka ambao ukame uliifikisha Kenya pabaya, na tangu mwanzo kilishika njia ambayo wakati huo ilionekana ya ajabu katika nchi ya matrekta: kulima kipande kidogo kwa kina, bila kemikali, kwa mikono. Njia hiyo ilienezwa na John Jeavons wa California, aliyejifunza misingi yake kutokana na kazi ya Mwingereza Alan Chadwick. Wanafunzi wa Manor House walikaa miaka miwili, wakaondoka na cheti, na wengi wakarudi vijijini kwao Trans Nzoia, Bungoma, Pokot Magharibi na kwingineko kuanzisha vikundi.

Ili uelewe kwa nini vikundi ni vya lazima, inafaa uone kitanda kimoja kinavyochimbwa.

Upana wake ni kama mita moja na nusu, ili mtu aweze kufika katikati kwa mkono bila kukanyaga. Unaanzia kichwani. Unachimba mtaro wenye kina cha sentimita 30 na udongo wake unauweka kando, kwenye ndoo au gunia. Kisha unaingia mtaroni na jembe uma, unaupiga udongo wa chini na kuulegeza sentimita 30 nyingine bila kuupindua. Hapo ndipo utakapokutana na tabaka gumu lililoshindiliwa na miaka ya plau na kwato. Uma hugonga na kurudi. Ukishalilegeza, unarudi nyuma hatua moja, unachimba mtaro wa pili, na udongo wake wa juu unautupa katika mtaro wa kwanza. Hivyo hivyo mpaka mwisho, na ule udongo uliouweka kando unafunga mtaro wa mwisho. Juu unatandaza mboji, unaichanganya na inchi chache za juu. Miche hupandwa kwa pembetatu, karibu karibu kiasi kwamba ikikua majani hugusana na kukifunika kitanda chote. Udongo hauoni jua, maji hayakauki upesi, magugu hukosa nafasi.

Kanuni ya kugawa vitanda ni ngumu zaidi kumeza kuliko kuchimba. Kama sehemu sita kati ya kumi hupewa mazao yanayotoa nafaka na pia mabua mengi ya kutengenezea mboji, kama vile mahindi, mtama na wimbi. Sehemu tatu hupewa vyakula vya nguvu vinavyozaa sana katika eneo dogo, kama viazi vitamu. Ni sehemu moja tu inayobaki kwa mboga. Maana yake ni kwamba udongo unalishwa kwanza. Mkulima aliyezoea kuchoma mabua baada ya kuvuna, au kuyaachia ng'ombe wa jirani, huona hapo utajiri ambao amekuwa akiutupa.

Mtu mmoja mwenye nguvu huhitaji sehemu kubwa ya siku kumaliza kitanda cha kwanza katika ardhi ngumu. Mama mwenye watoto wanne, maji ya kuteka na ng'ombe wa kukamua hawezi kuchimba vitanda kumi peke yake kabla ya mvua ya Machi. Kikundi kinaweza. Jumatatu kwa mama huyu, Jumatano kwa yule, kwa zamu, mwenyeji akitoa uji. Katibu ana daftari la majina; anayechelewa hupigwa faini ndogo, asiyefika bila sababu hulipa zaidi. Fedha hizo huingia kwenye sanduku pamoja na michango ya wiki, na kutoka sandukuni wanachama hukopeshana. Mweka hazina huhesabu noti mbele ya wote, juu ya meza, na kila mmoja huona. Nimezisoma ripoti nyingi za miradi ya eneo hili zinazosifu mboji na mbegu. Ni chache zinazolisifu daftari. Lakini mafundi wakiondoka, na gari la mradi likiondoka, kinachoitisha watu Jumatatu ijayo ni lile daftari.

Sasa tazama tena kazi iliyofanyika pale. Udongo umerutubishwa, maji yamehifadhiwa, watoto watakula mboga, na shamba litavumilia kiangazi zaidi ya la jirani. Mjini, kazi yenye faida za umma kiasi hicho ina mshahara na bima. Kijijini huitwa kujitolea, na kwa kuwa waifanyao ni wanawake, huchukuliwa kuwa sehemu ya kuwa mama. Hapo ndipo mimi huona kosa kubwa la sera zetu.

Na si kwamba Kenya haina mfano wa kufanya vingine. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, kikundi cha wanawake kilicholea miche kililipwa kiasi kidogo cha fedha kwa kila mche uliopona baada ya kupandwa. Malipo yalikuwa haba, ya senti, lakini kanuni yake ilikuwa sahihi: aliyetunza mti amefanya kazi, na kazi ina ujira.

Hewa iliyouzwa

Jaribio kubwa zaidi la kuwalipa wakulima wa huku kwa kazi ya udongo lilikuja na kaboni. Vi Agroforestry, shirika la Sweden lililoanza kazi nchini mwaka 1983 huko Pokot Magharibi, liliingia mkataba na mfuko wa kaboni wa Benki ya Dunia mwaka 2010. Mradi ulilenga wakulima wapatao 60,000 na hekta 45,000 katika Nyanza na Magharibi, Bungoma ikiwemo. Wakulima walipanda miti ndani ya mashamba, wakatumia mboji, wakafunika udongo kwa masalia ya mazao na kuweka makinga maji. Januari 2014 mradi ukawa wa kwanza wa aina yake duniani kupewa hati za kaboni iliyofungwa katika udongo wa mashamba: tani 24,788 za hewa ukaa.

Magazeti yalishangilia. Lakini chukua kalamu. Hata tukisema ni nusu tu ya wakulima waliohesabiwa katika utoaji huo wa kwanza, kila mmoja anapata chini ya tani moja. Tani moja ikiuzwa kwa dola chache, na gharama za upimaji na ukaguzi zikaondolewa, kinachobaki hakinunui jembe. Faida ya kweli waliipata kwenye debe: udongo ulioshika maji na mahindi yaliyozaa zaidi, pamoja na kuni na malisho kutoka kwenye miti. Kwa hiyo siwezi kusema mradi haukufaa. Nasema tu kwamba kikundi kinachoketi leo na mnunuzi wa kaboni, na wanunuzi hao wanazidi kufika, kiulize mapema tani ni ngapi, bei ni ipi, mkaguzi analipwa na nani, na mkataba unafunga ardhi kwa miaka mingapi. Asiye na majibu asipewe sahihi.

Kazi ndogo ndogo zilizozaliwa kando ya mradi wa aina hii ndizo ninazozithamini zaidi. Kuna kitalu cha miche ya grevilea, kaliandra na parachichi inayouzwa kila msimu wa mvua. Kuna fundi mwashi anayejua kujenga mtambo wa biogesi na kuurekebisha ukivuja. Kuna kilimo cha sukuma-vuta, kilichobuniwa na watafiti wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE na kufanyiwa majaribio mashambani Trans Nzoia na Suba tangu 1997: desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, harufu yake huwafukuza nondo wa vipekecha shina, na nyasi ya nepia iliyopandwa pembeni huwavuta. Mizizi ya desmodiamu hulizuia pia gugu la striga, lile lenye maua ya zambarau ambalo Waluo huliita kayongo na ambalo limewafanya wakulima wengi wa Bungoma kuhama shamba. Desmodiamu yenyewe ni chakula kizuri cha ng'ombe wa maziwa. Na mbegu yake ni ghali, kwa hiyo vikundi vilivyojifunza kuivuna vikawa wauzaji.

Mbegu ya kukhu

Kwa nyumba nyingi za Kibukusu, benki ya mbegu ni kukhu, yaani bibi mwenye wajukuu. Juu ya meko yake, moshi unapopita, huning'inia vibuyu na vichala: kunde za rangi tatu, mbegu za chisaka (mgagani), wimbi, maboga. Majivu huchanganywa na maharagwe ili wadudu wasiyaguse. Mjukuu akitaka kupanda huja na kuomba, "Kukhu, nisaidie mbegu," na hapewi kabla hajaulizwa atapanda wapi na atairudisha vipi baada ya mavuno.

Kwa zaidi ya miaka kumi, jambo hilo la kawaida lilikuwa na kivuli cha jinai juu yake. Sheria ya mbegu na aina za mimea, Sura ya 326, ilivyorekebishwa 2012, iliweka adhabu ya hadi miaka miwili jela au faini ya hadi shilingi milioni moja kwa makosa ya kuuza na kusambaza mbegu zisizosajiliwa na kuthibitishwa. Vikundi vilivyokuwa na benki za mbegu viliogopa kuandika mabango. Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 walikwenda Mahakama Kuu ya Machakos kuipinga. Novemba 2025 mahakama ikawapa haki, ikavitangaza vifungu vilivyowabana kuwa kinyume cha Katiba. Hao hawakuwa mawakili wala wanasiasa. Walikuwa watu wa jembe walioamua kuingia kortini, na ushindi wao unamhusu kila kukhu wa Bungoma mwenye kibuyu juu ya meko.

Mbegu hizo ndizo chimbuko la mboga tunazozihitaji. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, mwana wa Magharibi mwa Kenya, alipokuwa mtoto mwili wake ulikataa nyama, samaki, mayai na maziwa. Akalelewa kwa mboga za kienyeji. Baadaye, katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, alizifanya mboga hizo kuwa kazi yake ya utafiti, wakati wenzake wengi waliziona magugu. Alionyesha kwamba mchicha, mnavu, mgagani na kunde zina protini, chuma na vitamini nyingi kuliko kabichi inayojaza masoko yetu, na kwamba nyingi huvunwa wiki chache tu baada ya kupandwa.

Mboga hizo zinahitaji mpishi anayezijua. Chisaka ni chungu. Huchemshwa, humwagiwa maziwa, huachwa chunguni na kuchemshwa tena kesho yake, na siku ya tatu ndipo huwa tamu. Mrenda huwekwa musherekha, chumvi inayochujwa kutoka kwenye majivu ya maganda ya maharagwe, ili ulainike na kuiva upesi. Kisha huchanganywa na kunde au mboga ya mitoo ili usiteleze kupita kiasi. Msichana aliyekulia mjini Kitale kwenye sukuma wiki na kabichi hajafundishwa hayo. Vikundi kadhaa vimeelewa na kuweka siku ya kupika pamoja na siku ya kuchimba. Afisa wa lishe akialikwa huja na chati zake, lakini anayesikilizwa ni mama mwenye sufuria.

Nani atanunua?

Soko la Chwele, Bungoma, ni miongoni mwa masoko makubwa ya wazi ya Magharibi. Malori hutoka hapo na vitunguu, ndizi na mboga kwenda miji mingine. Mkulima mdogo akifika na magunia mawili ya mnavu, hukutana na dalali anayejua kwamba jioni mnavu utakuwa umenyauka. Bei anaitaja dalali. Mama mboga anayenunua hapo naye hana friji, na kilichobaki usiku humwagwa. Ukitembea nyuma ya soko lolote la Kitale utaona milima ya majani na maganda ambayo yangekuwa mboji. Vijana wa mitaa kama Kipsongo na Tuwan, mitaa ambayo kati ya 2001 na 2004 ilishiriki kupanga maendeleo yake pamoja na baraza la mji na shirika la Practical Action, wanaweza kuifanya taka hiyo kuwa biashara. Wanachohitaji ni kibali cha kuichukua na mahali pa kuiozesha.

Lakini mnunuzi ninayemtaka mimi ni mwingine. Tangu 2013 kilimo, hospitali za kaunti na shule za chekechea viko chini ya serikali za kaunti. Mgonjwa wa wodi hula kila siku. Mtoto wa chekechea, ambaye umri wake unakaribiana na ule ambao kudumaa hupimwa, anafaa kula kila siku ya masomo. Kwa hiyo ofisi moja, ya gavana mmoja, ina jukumu la kumsaidia mkulima na ina vinywa vya kulishwa. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Na sheria za ununuzi wa umma zinatenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Ukiviweka vitu hivyo pamoja, mboga za hospitali ya rufaa zinaweza kutoka kwa kikundi cha wanawake kilicho kilomita kumi kutoka langoni mwake, kwa mkataba wa mwaka mzima, kwa bei inayojulikana. Mkataba huo ungeajiri mvunaji, mwosha mboga, mwendesha bodaboda na mtunza hesabu. Ungemlipa aliyechimba kitanda.

Vikwazo navyo ni vya kweli. Zabuni huhitaji cheti cha usajili, cheti cha kodi na akaunti ya benki. Vikundi vingi vina cha kwanza tu. Mnunuzi wa serikali huchelewa kulipa, na mama asiye na akiba hawezi kusubiri miezi mitatu. Kikundi kimoja cha watu 25 hakiwezi kutoa mboga kila siku ya mwaka. Kwa hayo yote dawa ninayoijua ni moja: vikundi kumi au kumi na vitano viungane kuwa ushirika, vipangiane misimu ya kupanda, vimchague mtu mmoja wa karatasi na kumlipa, na visikubali mkataba usiotaja siku ya malipo. Vikiwa pamoja vinaweza pia kuwa na wajumbe katika kamati za tabianchi za wadi, ambazo programu ya kitaifa ya fedha za tabianchi, FLLoCA, imezitaka kaunti ziziunde, na ambazo huamua mradi upi wa wadi upelekewe fedha. Katika kamati kama hizo, asiyekuwepo hupangiwa.

Kuna kalenda ya mambo haya, na ni ya kisheria. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Taarifa ya sera ya fedha hufuata kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Wananchi wengi huitwa kwenye kikao cha maoni Mei, vitabu vikiwa karibu kufungwa, wakasema walichotaka na kurudi nyumbani. Kikundi kinachotaka mboga za chekechea ziwe kwenye mpango kinapaswa kuandika pendekezo lake Julai, ukurasa mmoja au miwili: shule ngapi, watoto wangapi, kilo ngapi kwa wiki, bei gani, nani ataleta. Nakala moja iende kwa mwakilishi wa wadi, nyingine kwa idara ya kilimo, nyingine kwa idara ya elimu, na ya nne igongwe muhuri wa kupokewa na kurudi kwenye faili la katibu. Nauli ya wajumbe wawili wa kufuatilia Bungoma mjini au Kitale itoke kwenye sanduku, iandikwe daftarini, na wakirudi watoe ripoti Jumatatu.